Taa ya radi na flashi ya "ulimwengu wa umeme" nilizonunua Mwanjelwa, maoni ya fundi

Wadau habari za jioni. Hizi bidhaa nimekaa nazo wiki sita ndo naandika, maana naona watu wengi wanasifia kitu siku hiyo hiyo wametoka kufungua boksi, kesho kutwa kimekufa na hawarudi kusema. Mi ni fundi umeme, navuta waya za nyumba na kufunga sola hapa Mbeya mjini, Uyole, Mbalizi, mpaka Tukuyu nikiitwa naenda, kwa hiyo kitu chochote chenye umeme nakiangalia kwa jicho la kazi.

Nilinunua viwili kwa mpigo. Cha kwanza ile taa ya kioo ya duara ambayo ndani yake kuna vijiradi vya zambarau na pinki vinatambaa, ukiweka kidole kimoja kinakuja kukifuata. Pale dukani wanaiita taa ya radi, jina lake lenyewe ni taa ya plazima. Aliniambia elfu 45, tukaongea ikaishia 40. Cha pili ni flashi ya GB 16 imejaa video za "ulimwengu wa umeme", yaani madai kwamba mbingu inaendeshwa na umeme na sio mvutano, zimetafsiriwa kwa Kiswahili, kuna jamaa anaongea juu ya picha kama wale wanaotafsiri muvi, hiyo ni elfu 10 na haipungui. Duka silitaji jina, liko upande wa Mwanjelwa, mtaona huko mbele kwa nini silitaji.

Muuzaji ni baba mtu mzima, zamani alikuwa anatengeneza redio. Nikamwamkia shikamoo baba, akaitika, akanivutia kigoda, akaiwasha taa palepale akazima globu ya duka ili nione vizuri. Halafu akaanza somo. Akasema mwanangu wewe fundi wewe, hii unayoiona hapa ndo mbingu yenyewe, Jua ni globu tu limechomekwa, nyota zote zimechomekwa, na radi inayopiga kule Loleza ndo hiyo hiyo iliyochonga mabonde ya sayari. Aliongea kama nusu saa na wateja wengine wakasimama kusikiliza. Kwa upande wa kumpokea mteja mi nampa alama zote kabisa, maduka mengi ya vifaa vya umeme hapa mjini unauliza bei mtu anakujibu huku anachezea simu.

Sasa taa yenyewe. Kioo ni kama inchi 6, kizito, hakina mapovu, kimekaa vizuri kwenye kitako cha plastiki nyeusi. Ndani wametoa hewa ya kawaida wakaweka gesi kama neoni na agoni kidogo tu, katikati kuna kidude cha duara ndo kinatoa umeme. Kwenye kitako kuna bodi inachukua volti 12 inazipandisha mpaka volti elfu kadhaa, na inageuza mkondo makumi ya maelfu ya mara kwa sekunde, wakati umeme wa ukutani kwetu unageuka mara 50 tu. Kwa nguvu hiyo elektroni, vile vichembe vya umeme hasi, zinachomoka kwenye gesi, gesi inaanza kupitisha umeme na kuwaka, na hiyo ndo plazima. Jina hilo alilileta Mmarekani Irving Langmuir mwaka 1928. Ukiweka kidole mwili wako unakuwa kama njia nyepesi zaidi ya umeme kupita, ndo maana kijiradi kinanenepa na kukukimbilia.

Jaribio nililolipenda kuliko yote ni la tyubu laiti. Nina tyubu za futi nne nimezitoa kwenye saiti, nikachukua moja ambayo haijachomekwa popote, nikaishika kwa mkono nikaisogeza kwenye taa. Ikawaka. Haina waya, haina stata, imeshikwa na mkono wa mtu, inawaka mpaka pale vidole vyangu viliposhika, kuanzia hapo kwenda mbele giza. Nikasogeza mkono juu na mwanga ukapanda nao, nikashusha ukashuka. Nimefanya kazi ya umeme miaka 14 na mwili ulinisisimka. Mama watoto alikuwa amesimama mlangoni na beseni la ndizi, akauliza hii ndo radi yenyewe? Nikamwambia ndo yenyewe, ila hii ndogo na imefungiwa.

Naomba nikae hapo kidogo maana ni kitu kikubwa kwangu. Kwao mama watoto radi iliwahi kupiga ng'ombe wanne chini ya mti mmoja, na mpaka leo kuna familia mbili hazisalimiani kwa sababu ya hiyo radi, watu walisema imetumwa. Huku kwetu nyanda za juu radi zinapiga kweli, msimu wa mvua ukianza hasa Novemba na Desemba kila mtu ana kisa chake, na kila kisa kina mtuhumiwa. Sasa mtu aliyekua na hadithi hizo akakaa mbele ya taa ya elfu 40, akaweka kidole, akaona radi inafuata njia nyepesi bila kujua jina la mtu wala ukoo wake, pale kuna kitu kinafunguka. Aliweka kidole akatoa, akaweka akatoa, halafu akasema taratibu, kumbe ule mti ndo ulikuwa mrefu. Kwa hiyo tu, pesa yangu imerudi.

Tahadhari kwa wenye watoto: usiweke sarafu wala funguo juu ya kioo halafu uguse, utapata cheche inayounguza kidole kweli. Usiwashe ukaiacha usiku kucha. Simu weka mbali. Na mtu mwenye mashine ya moyo asiisogelee kabisa.

Ubovu sasa. Adapta iliyokuja nayo ni janga. Imeandikwa volti 12 ampea 1, nikaipima bila mzigo inasoma 12 na kidogo, nikachomeka taa ikaporomoka mpaka 9, na baada ya dakika 20 imekuwa ya moto huwezi kuishika. Siku ya nne ikatoa harufu ikafa. Nikairudisha dukani na taa yenyewe na mita yangu ili nimwonyeshe, na hapo nikakutana na kijana wa zamu, yule baba hakuwepo, nikajibiwa bidhaa ikishatoka mlangoni hairudi. Nikamwambia mdogo wangu sidai pesa, nadai adapta, au basi uwaambie wengine wasinunue hii adapta maana nyumba itaungua. Akageuka akahudumia mtu mwingine. Kwa kweli niliumia, sio kwa ajili ya adapta, ni kwa sababu kitu kinachopata moto namna ile kinauzwa kwa watu ambao hawana mita ya kupimia.

Tuje kwenye flashi, maana ndo hasa iliyonifanya niandike.

Niliiangalia kwanza peke yangu, halafu kijana wangu wa kazi akaiomba, akakaa nayo siku tatu akarudi amebadilika. Tukiwa saiti Uyole mchana tunakula akaniambia, fundi, hawa jamaa wana hoja, shuleni tulidanganywa. Nikamwambia basi zitoe moja moja tuzipime. Na tumezipima wiki zote hizi, tukiwa juu ya dari, tukiwa kwenye bajaji, mpaka siku moja tulifunga safari kwa ajili hiyo.

Nianze na pale ambapo video zinasema kweli, na ni sehemu nzuri sana. Wameeleza habari za Kristian Birkeland, mwanasayansi wa Norwe, aliyepanda milima ya kaskazini kabisa mwaka 1899 na 1900 kwenye baridi ambayo hata Kitulo mwezi wa saba haifikii, ili apime ile mianga ya kijani inayocheza angani kule. Akarudi maabara akatengeneza kidunia kidogo, tufe lenye sumaku ndani, akaliweka kwenye boksi la kioo lisilo na hewa, akalirushia miale ya elektroni, na mwanga ukatokea kuzunguka ncha za lile tufe kama vile alivyouona mlimani. Akasema basi umeme unatoka kwenye Jua unakuja mpaka kwetu, unashuka kwa mikondo kufuata mistari ya sumaku ya dunia. Wakubwa wengi walikataa. Alifariki Tokyo mwaka 1917 bila kukubaliwa. Miaka ya 1960 na 1970 satelaiti zikapita kule juu zikapima, mikondo ikakutwa ipo, na leo inaitwa kwa jina lake. Norwe wakaweka sura yake kwenye noti yao ya kroner 200. Yupo pia Hannes Alfvén wa Uswidi, alianza kama mtu wa umeme kabisa, akatengeneza hesabu za jinsi plazima na sumaku vinavyokwenda pamoja na akapewa Nobeli mwaka 1970, yeye naye alikuwa na wazo lake la ulimwengu wa plazima na hakuukubali ule mlipuko mkuu unaosemwa ndo mwanzo wa ulimwengu mpaka anakufa mwaka 1995.

Na ni kweli kwamba karibu vitu vyote vinavyoonekana mbinguni ni plazima, Jua, nyota, wingu kubwa kati ya nyota. Ni kweli pia umeme wa huko unatufikia. Tarehe 13 Machi 1989 dhoruba ya Jua iliangusha gridi ya Quebec kule Kanada, watu milioni 6 wakakaa gizani kama masaa 9. Fundi yeyote akisoma hiyo habari anaelewa kwamba kule juu kuna mzigo.

Shida inaanza video zinapochukua heshima ya Birkeland na Alfvén na kuipeleka mahali wao hawakufika. Yaani mtu anakuonyesha Birkeland alikuwa sahihi na alichekwa, dakika mbili baadaye anakwambia kwa hiyo Jua limechomekwa. Kati ya hizo sentensi mbili hakuna waya.

Wazo la Jua kuchomekwa lilisukumwa na injinia wa Marekani Ralph Juergens miaka ya 1970, baadaye likabebwa na Wallace Thornhill wa Australia na wenzake. Wanasema Jua halijichomi lenyewe ndani, linapokea elektroni kutoka nje, kutoka kwenye galaksi, kama globu inavyopokea kutoka kwenye laini. Sawa, mi hilo ndo eneo langu. Mteja akiniambia hii nyumba inatumia umeme, naomba vitu viwili, waya unaoingia na unaotoka, na kipimo. Sisi wa sola tunajua paneli inapimwa kwa wati 1,000 kila mita mraba, hiyo ni nguvu ya Jua ikishapita kwenye hewa, juu ya hewa ni kama 1,361. Ukichukua hiyo ukaizungusha pande zote kwa umbali wa kilomita milioni 150, jumla ya Jua inakuwa wati 38 zikifuatiwa na sifuri 25. Mzigo huo ungekuwa unaingia kutoka nje, ungekuwa na laini ambayo hakuna mita duniani ingeikosa. Na mita zimepelekwa. Chombo cha Marekani kinaitwa Parker kimekwenda tangu 2018 na kimepita karibu na Jua kuliko chombo chochote, kingine Voyager 2 kimetoka nje kabisa ya upepo wa Jua mwaka 2018 mita zake zikiwa zinafanya kazi. Zimekuta upepo unaotoka kwenye Jua, kama kilomita 400 kwa sekunde na zaidi, chanya na hasi zikitoka pamoja. Ule mto wa elektroni unaoingia ndani haujapimwa.

Kijana wangu akasema, lakini fundi, nyutrino je? Na hapa nampongeza maana hiyo ndo hoja yao iliyokuwa na mwili. Kama Jua linaunganisha hidrojeni kuwa heliamu kule katikati, lazima litoe vichembe vinaitwa nyutrino, vinavyopita kwenye kila kitu, mabilioni yanapita kwenye ukucha wako kila sekunde na huvisikii. Wakati Juergens anaandika, Raymond Davis kule Marekani alikuwa ameshapima chini ya ardhi na kupata theluthi moja tu ya zilizotarajiwa. Kwa hiyo mtu wa mwaka 1972 kusema labda moto wa ndani haupo, alikuwa na haki yake. Ila video ya kwenye flashi imesimama hapo hapo mwaka 1972. Haisemi kwamba mwaka 2001 na 2002 watu wa maabara ya Sudbury kule Kanada wakaonyesha kwamba nyutrino zinabadilika aina zikiwa njiani, na kile chombo cha Davis kilikuwa kinaona aina moja, ukizijumlisha zote hesabu inatimia. Arthur McDonald wa huko Kanada akapewa Nobeli 2015 pamoja na Takaaki Kajita wa Japani. Haisemi kwamba mwaka 2014 chini ya mlima kule Italia walizinasa moja kwa moja zile nyutrino za hatua ya kwanza kabisa ya moto wa Jua, protoni na protoni. Mi naona hili ni kosa kubwa kuliko makosa yote ya ile flashi. Kukosea kila mtu anakosea, lakini kumwonyesha mtoto wa watu swali na kumficha jibu wakati jibu lipo, hapana.

Hoja ya pili ambayo mtafsiri anairudia kwa kelele ni kwamba nguvu ya umeme ni kubwa kuliko ya mvutano mara 1 na sifuri 39, kwa hiyo inawezekanaje mvutano uendeshe mbingu. Namba ni ya kweli, ukilinganisha protoni moja na elektroni moja. Nikamwita kijana, nikachukua ekstensheni nimeichuna ganda la nje waya zionekane, nikachomeka pasi ya wati 1,000, nikatoa klampu mita, ile inayobana waya kwa nje na kusoma umeme unaopita. Nikaibana laivu peke yake, ikasoma ampea 4.3. Nikaibana nyutro peke yake, 4.3. Nikazibana zote mbili pamoja ndani ya mdomo mmoja wa klampu. Sifuri. Pasi ya moto inaunguza nguo na mita inasoma sifuri, kwa sababu inayokwenda na inayorudi zinafutana. Akarudia mwenyewe mara tatu. Nikamwambia mbinguni ndo hivyo, chanya na hasi ziko karibu sawasawa, ukisogea mbali zinafutana, na plazima ni kondakta nzuri kiasi kwamba zikitofautiana kidogo tu zinakimbiliana kujisawazisha. Mvutano hauna nyutro. Hakuna uzito hasi wa kuufuta, unajumlisha tu, mchanga juu ya mchanga, mpaka unapata dunia. Akakaa kimya, akakunja ekstensheni, akasema sawa hilo limeingia, ila mawe je.

Mawe ndo yalitufungisha safari. Video moja inadai mashimo ya Mwezi na lile bonde la Mars la urefu wa kilomita kama 4,000 yamechongwa na radi kubwa za sayari kwa sayari, na vimondo ni vipande vilivyorushwa na radi hizo. Sasa sisi wa huku tunacho kimondo chetu, nani anahitaji video. Jumapili tukapanda gari la Tunduma, tukashuka njiani Mbozi tukachukua bodaboda, vumbi mpaka kwenye nyusi.

Kama hujawahi kufika nenda. Kimondo cha Mbozi ni lichuma la urefu wa mita tatu na ushee, tani zipatazo 16, limelala kwenye kilima cha Marengi. Wenyeji walilijua siku zote, wageni ndo walilitangaza mwaka 1930. Mwanzo lilikuwa limezama ardhini linaonekana mgongo tu, wakachimba kulizunguka. Ukiliweka mkono ni baridi kama nondo iliyolala nje, na lina vishimo vishimo kama mtu kabonyeza udongo mbichi kwa kidole gumba. Kuna sehemu unaona wamekata vipande vya kwenda kupima. Asilimia 90 hivi ni chuma, nikeli ni kama 8 na kitu. Kijana akaligonga kwa kokoto, likalia kama kengele ya shule.

Nilikuwa nimebeba kipande cha chuma tulichochomelea wiki hiyo kwenye geti la mteja. Nikamwambia angalia hii, hii imepigwa na aki ya umeme, ni radi ndogo, na imepoa kwa dakika moja. Ukivunja ukaangalia ndani chembe zake ni ndogo ndogo. Vimondo vingi vya chuma ukivikata ukasugua ukapitisha asidi, unaona mistari mirefu inapishana kama ukili uliosukwa, ni fuwele za chuma na nikeli, na ili zikue vile lazima chuma kipoe polepole sana, makumi mpaka maelfu machache ya digrii kwa kila miaka milioni. Hiyo ni kazi ya kukaa katikati ya kidunia kilichofunikwa na mawe. Radi inafika nyuzi joto 30,000 na kuisha kabla hujapepesa jicho, ikipiga mchanga inatoa kioo, sio fuwele. Hatukuongea sana baada ya hapo. Tulikaa pale juu ya kilima tukala mahindi ya kuchoma, akawa analishikashika tu.

Kuhusu nyotamkia nitapita haraka. Wanasema ni mwamba mkavu unaowaka kwa umeme. Chombo cha Ulaya Rosetta kilifika kwenye moja mwaka 2014 kikakaa nayo mpaka 2016, wakapima uzito na ukubwa wake, kilo 533 kwa kila mita ya ujazo. Maji ni 1,000. Yaani ile kitu ingeelea ziwa Nyasa. Mwamba gani huo. Na habari za mlipuko mkuu wanazipuuza kwa dakika tano, bila kuugusa vizuri ule mnong'ono wa joto unaotoka pande zote za anga, nyuzi 2.7 juu ya sifuri kabisa, ulionaswa na Penzias na Wilson mwaka 1964. Alfvén alibishana nao kwa hesabu, hawa wanapita tu.

Hoja yao moja bado naiheshimu, ile ya kwamba anga la nje la Jua lina joto la nyuzi milioni na zaidi wakati uso wake ni 5,500 tu. Inashangaza kweli, na wanasayansi bado wanabishana ni njia ipi inapeleka joto kule juu. Lakini tazama, njia zinazobishaniwa ni mawimbi ya sumaku yenye jina la huyo huyo Alfvén na mistari ya sumaku inayokatika na kuungana upya. Umeme upo, plazima ipo, inafanyiwa kazi kila siku na watu wenye mita. Hakuna aliyeificha.

Ubora wa flashi yenyewe: picha safi, sauti ya mtafsiri inazidi sauti ya asili vizuri, faili mbili kati ya kumi na moja hazifunguki. Kiswahili chake kizuri na ndo kinachoniuma, maana huyo jamaa ana kipaji cha kueleza, angetafsiri kisa cha Birkeland peke yake chote, na cha nyutrino mpaka mwisho wake, watoto wa sekondari Mbeya nzima wangekinunua. Ukiinunua, tazama faili la kwanza na la pili, mengine usimwachie mtoto atazame peke yake, kaa naye na kalamu.

Wiki iliyopita nilipita tena dukani, yule baba alikuwepo. Nikamsalimia, nikamweleza adapta ilivyopata moto, akashtuka kweli, akaenda akaziondoa kwenye shelfu mbele yangu akaziweka chini ya meza. Nyingine hakunipa. Nikamweleza na habari ya klampu na pasi, akaniomba nilete vifaa Jumamosi nimwonyeshe, nimemuahidi saa nne.

Kwa hiyo mkienda: taa chukueni, msilipe zaidi ya 40, ombeni iwashwe dakika kumi mkiwa palepale na msogeze tyubu laiti mwone kama inawaka. Adapta yao muwaachie. Mi ya pili nimenunua kwa watu wa vifaa vya kamera upande wa Kabwe, volti 12 ampea 2, elfu 8, mpaka leo nikiishika baada ya saa nzima ni vuguvugu tu.